Siku 400 za Video Iliyofungiwa: Jiji la Chicago, Polisi Wake na Mkono wa Washington

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2014, katika barabara ya Pulaski upande wa kusini-magharibi mwa jiji la Chicago, askari polisi Jason Van Dyke alishuka garini na, baada ya sekunde zipatazo sita, akaanza kumpiga risasi kijana mweusi wa miaka 17 aliyeitwa Laquan McDonald. Kijana huyo alikuwa akitembea katikati ya barabara huku ameshika kisu kidogo cha kukunja. Askari waliomtangulia Van Dyke walikuwa wakimfuata kwa umbali, wakisubiri iletwe bunduki ya umeme ili wamkamate akiwa hai, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefyatua risasi. Van Dyke alifyatua 16, na nyingi zilimpata McDonald akiwa amekwisha kuanguka chini.

Taarifa ya kwanza iliyowafikia wananchi ilikuwa nyingine kabisa. Msemaji wa chama cha askari aliwaambia waandishi wa habari papo hapo kwamba kijana aliwarukia polisi kwa kisu, na taarifa ya idara yenyewe ikasema alikataa kukitupa kisu na akaendelea kuwasogelea. Askari kadhaa waliokuwapo waliandika ripoti zenye maelezo yaliyofanana na hayo. Lakini kamera ya dashibodi ya gari moja la polisi ilikuwa imenasa tukio zima, ingawa bila sauti, na picha zake zilimwonyesha kijana akipita pembeni, akizidi kuwaacha askari nyuma. Video hiyo ilionekana hadharani tarehe 24 Novemba 2015. Ukihesabu, ni siku 400 kamili tangu usiku ule.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha askari mmoja na bastola yake. Mimi nakichambua kama kisa cha siku hizo 400, kwa kuwa katika muda huo maamuzi makubwa hayakufanywa na askari wa doria. Yalifanywa na wanasheria wa jiji, madiwani, mwendesha mashtaka wa kaunti na ofisi ya meya, na ndiyo yaliyoileta Wizara ya Sheria ya Marekani mlangoni pa ukumbi wa jiji.

Polisi ni wa nani?

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyezoea polisi wa taifa zima wanaoongozwa na Inspekta Jenerali mmoja anayeteuliwa na Rais, huenda akashangaa kusikia kwamba Marekani ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000, na kwamba sehemu kubwa ya vyombo hivyo ni mali ya miji na kaunti. Rais wa Marekani hawezi kumfukuza kazi mkuu wa polisi wa Chicago, na waziri wake wa sheria, ambaye ndiye pia Mwanasheria Mkuu wa serikali, hawezi kumwamuru askari wa jiji hilo afanye doria wapi au abebe silaha gani. Anayeteua mkuu wa polisi ni meya. Wanaopitisha bajeti ni madiwani. Anayelipa askari wanapokosea ni mlipa kodi wa jiji. Kwa hiyo mtu anapouliza nani anawajibika kwa polisi wa Chicago, jibu la kisheria liko karibu sana na meza ya meya.

Serikali kuu ilipewa njia moja ya kuingia, nayo hupitia mahakamani. Baada ya askari wa Los Angeles kunaswa kwenye video wakimpiga Rodney King mwezi Machi 1991, na baada ya ghasia za mwaka uliofuata, Bunge la Marekani liliweka katika sheria ya jinai ya 1994 kifungu kinachomruhusu Mwanasheria Mkuu kuufungulia mji kesi ya madai iwapo polisi wake wana mwenendo au desturi ya kuvunja haki za kikatiba. Maneno hayo, mwenendo au desturi, ndiyo moyo wa kifungu chenyewe. Tukio moja halitoshi hata likiwa la kutisha namna gani. Ni lazima ionekane kwamba tukio hilo limetokana na namna idara inavyoendeshwa. Kesi za aina hii hazimfungi mtu jela wala hazitoi fidia. Kinachotafutwa ni amri ya makubaliano, yaani hati ambayo mji na mlalamikaji wameafikiana, jaji wa shirikisho akaitia muhuri, na tangu siku hiyo kuikiuka kukawa ni kuidharau mahakama. Pittsburgh ulikuwa mji wa kwanza kufungwa na amri hiyo, mwaka 1997, na Los Angeles ukaishi chini ya amri yake kuanzia 2001 hadi 2013.

Chicago ulikuwa na kila sababu ya kuchunguzwa mapema zaidi. Kati ya mwaka 1972 na 1991, kamanda Jon Burge na askari wake waliwatesa zaidi ya watu weusi 100 ili wakiri makosa, na Burge mwenyewe alikuja kuhukumiwa kifungo kwa kusema uongo mahakamani tu, kwani muda wa kumshtaki kwa mateso ulikuwa umepita. Mei 2015 Baraza la Jiji lilipitisha fidia ya dola milioni 5.5 kwa walioteswa, na meya Rahm Emanuel akaomba radhi kwa niaba ya jiji kwa mambo yaliyofanyika kabla hajawa meya. Wakati huohuo video ya Pulaski, ya jambo lililofanyika chini ya utawala wake, ilikuwa imefungiwa.

Aprili 2015

Tarehe zinahitaji kupangwa vizuri hapa, maana ndizo zinazobeba shutuma nzima dhidi ya Emanuel. Tarehe 24 Februari 2015 alikwenda kwenye uchaguzi wa meya na kupata karibu asilimia 45, kura zisizotosha kushinda katika duru ya kwanza. Alikuwa amewahi kuwa mkuu wa watumishi wa Rais Obama katika Ikulu ya Marekani, na meya aliyekuwa madarakani kulazimishwa kuingia duru ya pili lilikuwa jambo geni katika Chicago. Mpinzani wake alikuwa Jesús “Chuy” García, na ilikuwa wazi kwamba kura za vitongoji vya watu weusi ndizo zingeamua. Mwezi huohuo wa Februari mwandishi Jamie Kalven alikuwa ameipata ripoti ya uchunguzi wa maiti na kuchapisha kwamba McDonald alipigwa risasi 16, habari iliyokuwa haiwezi kukaa pamoja na simulizi la kijana aliyewarukia polisi. Mawakili wa familia nao walikwisha kuwasiliana na jiji.

Tarehe 7 Aprili Emanuel alishinda duru ya pili kwa karibu asilimia 56, kwa msaada mkubwa wa vitongoji hivyo. Siku nane baadaye, tarehe 15 Aprili, Baraza la Jiji lilipiga kura 47 kwa 0 kuilipa familia ya McDonald dola milioni 5. Familia ilikuwa bado haijafungua hata kesi. Hapakuwa na mjadala. Makubaliano yalikuwa na sharti la kuiweka video mbali na macho ya umma hadi mambo ya jinai yamalizike.

Je, huu ni ushahidi kwamba meya aliificha video ili ashinde? Nadhani haki inataka tuseme polepole. Emanuel alikana. Alieleza kwamba hakuwa ameiona video kabla ya kutolewa, kwamba malipo yalishughulikiwa na idara ya sheria ya jiji kwa utaratibu wa kawaida, na kwamba kutoa ushahidi wakati wapelelezi wa FBI na waendesha mashtaka wa shirikisho wanachunguza kungeharibu kesi. Hoja hiyo ya mwisho si ya kipuuzi. Waendesha mashtaka popote duniani hupendelea mashahidi ambao hawajaona picha. Hata barua pepe za ofisi yake zilizotolewa mwishoni mwa 2015, ambazo zilionyesha wasaidizi wake wakilifuatilia suala hilo kwa karibu, hazikumkuta na amri ya kuficha.

Ila mimi sioni kwamba ukosefu wa amri hiyo unammaliza mwenye kuuliza. Jiji lililipa dola milioni 5 bila kusukumwa na kesi, jambo ambalo mwanasheria wa serikali hafanyi isipokuwa amekwisha kutambua kwamba mahakamani hana pa kusimama. Kama wanasheria wa jiji walijua kwamba picha zinawapinga askari, basi walijua pia kwamba taarifa rasmi ya polisi ilikuwa ya uongo. Taarifa hiyo haikusahihishwa. Van Dyke aliendelea kulipwa mshahara, na wenzake walioandika ripoti zilizofanana naye waliendelea na kazi. Swali la kama meya alikaa chini akaitazama video ni dogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu meya anayeidhinisha malipo makubwa namna hiyo kwa ajili ya picha asizoziona amechagua kutoziona.

Na madiwani 47? Wao hawakutajwa sana kwenye mabango ya waandamanaji, nao kwa maoni yangu walipaswa kutajwa. Kamati ya fedha ilielezwa na mwanasheria wa jiji kwamba kuna video na kwamba ina uzito. Palikuwa na nafasi ya kuuliza ionyeshwe, hata kwa faragha, kabla ya kutoa mamilioni ya walipa kodi. Walipitisha.

Mlango unafunguliwa na ombi la karatasi

Kilichovunja kufuli ni ombi la kawaida chini ya sheria ya jimbo la Illinois ya haki ya kupata taarifa. Mwandishi wa kujitegemea Brandon Smith aliomba nakala ya video, idara ya polisi ikakataa, naye akaenda mahakamani. Tarehe 19 Novemba 2015 Jaji Franklin Valderrama wa Kaunti ya Cook aliamuru itolewe, akikataa hoja kwamba uchunguzi wa vyombo vingine unaipa idara ya polisi ruhusa ya kukaa na kumbukumbu zake. Siku tano baadaye, saa chache kabla ya video kutolewa, mwendesha mashtaka wa kaunti Anita Alvarez alitangaza shtaka la mauaji dhidi ya Van Dyke. Uchunguzi uliokuwa umechukua zaidi ya mwaka ulipata kasi ya ghafla.

Waandamanaji waliziba barabara ya Michigan, mtaa wa maduka makubwa, siku ambayo biashara huwa imefurika, wakipaza sauti “risasi 16 na ufichaji”. Tarehe 1 Desemba Emanuel alimfukuza kazi mkuu wa polisi Garry McCarthy na kuunda kikosi kazi cha uwajibikaji wa polisi kilichoongozwa na Lori Lightfoot, mwanasheria aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa shirikisho. Siku hiyohiyo Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Illinois, Lisa Madigan, aliiandikia Wizara ya Sheria akiomba uchunguzi wa mwenendo wa idara nzima. Emanuel kwanza alisema uchunguzi wa namna hiyo haukuwa sahihi kwa wakati ule; kesho yake akageuka na kuukaribisha. Tarehe 7 Desemba waziri Loretta Lynch alitangaza kwamba umeanza, na siku mbili baadaye meya alisimama mbele ya madiwani akaomba radhi na kukiri kwamba kuna desturi ya kunyamaziana miongoni mwa askari wake.

Wapiga kura walianza na yule waliyeweza kumfikia: Machi 2016 Alvarez alishindwa vibaya na Kim Foxx katika kura za awali za chama chao.

Ripoti ya Januari 2017

Wachunguzi wa shirikisho walikaa Chicago kwa miezi 13, na ripoti yao ilitolewa tarehe 13 Januari 2017, wiki moja kabla Rais Obama hajaondoka madarakani. Huo ulikuwa uchunguzi mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanywa dhidi ya idara ya polisi ya mji chini ya kifungu kile cha 1994. Walikuta kwamba askari wa Chicago walikuwa na mwenendo wa kutumia nguvu kinyume cha katiba, ikiwa ni pamoja na kuwafukuza watu kwa miguu bila sababu ya kutosha kisha kuwapiga risasi wakiwa hawajatishia maisha ya mtu, na kwamba nguvu ilitumika dhidi ya watu weusi karibu mara kumi zaidi kuliko dhidi ya weupe.

Sehemu iliyonisimamisha mimi zaidi ni ile ya malalamiko. Katika miaka mitano jiji lilipokea malalamiko zaidi ya 30,000 dhidi ya askari wake, na yaliyothibitishwa hayakufika asilimia 2. Karibu nusu hayakuchunguzwa kabisa, mengi kwa sababu mlalamikaji hakutia sahihi hati ya kiapo, sharti lililokuwa limewekwa kwenye mkataba wa chama cha askari na sheria ya jimbo. Ofisi ya jiji iliyopewa kazi ya kuchunguza risasi za polisi ilikuwa imepitia matukio 409 na kukuta mawili tu yasiyo halali. Waswahili huita hiyo kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Van Dyke mwenyewe alikuwa ameandikiwa malalamiko yapatayo 20 kabla ya usiku wa Pulaski, na hakuna hata moja lililompa adhabu.

Mafunzo nayo yalikuwa ya kusikitisha. Wachunguzi waliingia kwenye darasa la matumizi ya nguvu za kuua na kukuta wanafunzi wakionyeshwa video ya miongo mitatu na zaidi iliyopita, na walipozungumza na askari wanafunzi waliona ni mmoja kati ya sita tu aliyekaribia kueleza sawasawa ni lini sheria inamruhusu kutumia nguvu. Tangu 2004 jiji lilikuwa limelipa zaidi ya nusu bilioni ya dola kwa kesi za makosa ya polisi.

Mambo haya yote yalikuwa ndani ya makabati ya jiji lenyewe. Mikataba ya chama cha askari iliyoweka vikwazo vile ilijadiliwa na ofisi za mameya waliofuatana na kuidhinishwa na madiwani. Fidia zile zilipita barazani, moja baada ya nyingine. Ripoti iliandikwa juu ya polisi, lakini ukiisoma ukiwa na karatasi pembeni na ukaandika kila mara jina la ofisi iliyokuwa na uwezo wa kubadili jambo fulani, orodha yako itakuwa na jina la ukumbi wa jiji mara nyingi kuliko jina la kituo cha polisi.

Washington inapogeuka

Siku ileile ya ripoti, jiji na Wizara ya Sheria walitia sahihi makubaliano ya awali ya kuelekea amri ya mahakama. Mkakati huo ulifupishwa na kalenda. Rais Trump aliapishwa tarehe 20 Januari, na mwisho wa Machi waziri wake Jeff Sessions aliagiza mikataba yote ya namna hiyo nchini ipitiwe upya. Hakuwa na nia ya kuufungulia Chicago kesi. Hapo Emanuel akaanza kuzungumzia makubaliano ya kiungwana na Wizara, yasiyo na jaji, na pengine hakuna hatua yake katika kisa hiki kizima iliyo ngumu zaidi kuitetea. Makubaliano yasiyo na jaji yangesimamiwa na Wizara isiyoyataka na meya asiyelazimishwa.

Waliomzuia walitoka pande mbili. Vikundi vya wananchi na mawakili wa haki za raia walifungua kesi zao mwaka 2017 wakidai usimamizi wa mahakama. Kisha tarehe 29 Agosti 2017 Lisa Madigan aliushtaki mji wa Chicago katika mahakama ya shirikisho kwa niaba ya jimbo la Illinois, na katika mkutano na waandishi wa habari Emanuel, ambaye mji wake ndio uliokuwa mshtakiwa, alisimama kando yake akiunga mkono. Picha hiyo ya mlalamikaji na mlalamikiwa wakiwa bega kwa bega ilichekwa na wengi, lakini kisheria ilikuwa ndiyo njia iliyobaki: jimbo lilichukua kiti ambacho serikali kuu ilikikimbia. Machi 2018 vikundi vile vikapatiwa haki ya kurudi mahakamani iwapo amri ingekiukwa.

Chama cha askari kilijaribu kujiunga na kesi ili kuipinga, mahakama ikakikatalia kwa kuwa kilichelewa, na uamuzi huo ukabaki vilevile kwenye rufaa. Oktoba 2018 Wizara ya Sheria yenyewe iliwasilisha maelezo ya maandishi kwa Jaji Robert Dow kuipinga amri iliyozaliwa na ripoti ya Wizara hiyohiyo. Jaji Dow aliidhinisha amri hiyo tarehe 31 Januari 2019, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi, na Maggie Hickey akateuliwa kuwa mwangalizi huru atakayeripoti kwa jaji.

Faida ya njia ya jimbo ilikuja kuonekana miaka mingi baadaye. Mei 2025 Wizara ya Sheria ilitangaza kuziacha kesi ilizokuwa imezifungua dhidi ya Minneapolis na Louisville, miji iliyochunguzwa baada ya vifo vya George Floyd na Breonna Taylor. Amri ya Chicago haikuguswa, kwa sababu mlalamikaji wake anakaa Illinois na hapokei maelekezo kutoka Washington. Minneapolis nao ulibaki na makubaliano yake na idara ya haki za binadamu ya jimbo la Minnesota.

Kuhusu watu, matokeo yalikuwa machache. Oktoba 2018 Van Dyke alikutwa na hatia ya mauaji ya daraja la pili na makosa 16 ya kujeruhi kwa silaha ya moto, moja kwa kila risasi, akiwa askari wa kwanza wa Chicago katika karibu nusu karne kuhukumiwa kwa kuua akiwa kazini. Alipewa kifungo cha miezi 81 na akatoka Februari 2022. Siku moja kabla hajasomewa kifungo hicho, Januari 2019, jaji mwingine aliwaachia huru askari watatu walioshtakiwa kwa kupanga njama ya kumlinda. Mkaguzi wa jiji alipendekeza wengi wafukuzwe kazi. Bodi ya Polisi, Julai 2019, ilimfukuza sajini mmoja na askari watatu. Emanuel alitangaza Septemba 2018 kwamba hatagombea tena, siku moja kabla ya kesi ya Van Dyke kuanza. Baadaye akawa balozi wa Marekani nchini Japani. Katika wanasiasa wa Chicago, aliyepata hasara ya moja kwa moja kwenye sanduku la kura ni Alvarez peke yake.

Video nyingine

Moja ya mapendekezo ya kikosi kazi cha Lightfoot yalikuwa kwamba video za polisi kuua au kujeruhi vibaya zitolewe ndani ya siku 60, na muda huo uongezwe kwa siku 30 tu inapobidi. Jiji lililikubali mapema mwaka 2016. Aprili 2019 Lightfoot alichaguliwa kuwa meya kwa ushindi mkubwa, na sehemu kubwa ya ahadi zake ilikuwa ni kufungua makabati.

Tarehe 21 Februari 2019, wiki tatu baada ya Jaji Dow kutia sahihi na siku nane kabla amri haijaanza kutumika, askari wa Chicago walivunja mlango wa nyumba ambayo siyo waliyokuwa wakiitafuta na kumfunga pingu mwanamke mfanyakazi wa ustawi wa jamii, akiwa uchi, huku akirudia mara nyingi kuwaambia kwamba wamekosea nyumba. Meya bado alikuwa Emanuel. Mwanamke huyo aliomba video ya kamera za askari hao na idara ikamkatalia. Aliipata baadaye kupitia kesi aliyofungua. Desemba 2020, kituo cha televisheni kilipokuwa tayari kuionyesha, mawakili wa jiji, sasa chini ya Lightfoot, walikimbilia mahakamani saa chache kabla ya matangazo kuomba isionyeshwe. Walishindwa. Meya alisema kwanza kwamba hakuwa na habari, kisha barua pepe zikaonyesha kwamba wasaidizi wake walimweleza tangu Novemba 2019, akalazimika kukiri. Mwanasheria mkuu wa jiji alijiuzulu. Mwaka uliofuata madiwani walipitisha fidia ya dola milioni 2.9.

Hapa ndipo wale wanaosema tatizo lilikuwa tabia ya Emanuel wanapopata taabu. Lightfoot aliijua mada hii kuliko mwanasiasa yeyote wa mji ule; alikuwa ameandika ripoti juu yake. Lakini wanasheria wa jiji kazi yao ni kupunguza fidia, na wanapopewa video inayouumiza mji hufanya kile wanachofanya kila siku, isipokuwa mtu mwenye mamlaka juu yao awaambie mapema wasifanye. Sera ya siku 60 ilihusu watu waliouawa au kujeruhiwa. Mtu aliyedhalilishwa nyumbani kwake bila kupigwa risasi hakuwamo.

Amri ya mahakama nayo ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Ilikusudiwa ichukue miaka mitano. Ripoti ya mwangalizi iliyotolewa mwishoni mwa 2023 ilionyesha kwamba vifungu vilivyotekelezwa kikamilifu vilikuwa asilimia 6. Kufikia hapo idara ilikuwa imeongozwa na wakuu kadhaa, mmoja wao akiwa amefukuzwa na meya kwa kumdanganya, na Lightfoot mwenyewe alikuwa ameshindwa uchaguzi mwezi Februari mwaka huo, nafasi yake ikachukuliwa na Brandon Johnson. Meya hukaa miaka minne, mkuu wa polisi hukaa miwili au mitatu, na kila anayekuja huomba muda wa kujifunza. Ambaye hakubadilika kwa kasi hiyo ni mahakama, kwani hata Jaji Dow alipohamia Washington, jalada lilikwenda kwa Jaji Rebecca Pallmeyer likiwa na vifungu vilevile na tarehe zilezile.

Machi 2022 jimbo na jiji walikubaliana kwamba amri iongezwe muda hadi miaka minane, na kwamba upekuzi wa nyumba kwa hati, jambo ambalo jiji lilikuwa likishindana kama limo au halimo, uwe chini ya macho ya mwangalizi. Hati hiyo ya kurasa chache ilitiwa sahihi miaka mitatu na mwezi mmoja tangu mlango ule uvunjwe.